Dizeli Kuukuu na Moshi Mweupe wa Asubuhi
Gari la dizeli nililonunua likiwa limeshatumika miaka mingi liliwaka vizuri siku ya ukaguzi, kwa kuwa muuzaji alikuwa ameshaipasha injini moto, jambo ambalo naona si la haki hata kidogo. Asubuhi iliyofuata lilisumbua kuwaka, likatetemeka na kutoa moshi mweupe wenye harufu kali ya mafuta yasiyoungua.

Injini ya dizeli huwasha mafuta kwa joto la hewa iliyoshindiliwa, si kwa cheche, hivyo ringi za pistoni (pete zinazoziba nafasi kati ya pistoni na silinda) zikilika, mgandamizo hupungua na hewa haipati joto la kutosha kuunguza mafuta yote. Fundi alifungua kifuniko cha kujazia oili injini ikiunguruma, na moshi ukatoka kwa mapigo, dalili kwamba gesi zinapenya kando ya ringi. Kipimo cha kompresheni, yaani mgandamizo huo, kilionyesha silinda moja dhaifu. Injini imeshushwa, inasubiri ringi mpya.