Mvua inaombwa hapo

Leo siku ya nne na bado naisikia. "Mwanangu, mvua inaombwa hapo."

Jumapili, baada ya Misa, tuko mezani. Nawaimbia watoto maumbo ya neno la Kilatini la mvua, niliyoyakariri tangu Kwaresima: pluvia, pluviae, pluviae, pluviam, pluvia. Nikanogewa, nikawatajia na kichwa cha ile sala ya kuomba mvua katika misale, kitabu cha sala za Misa, ya zamani ya Baba: "ad petendam pluvia". Baba hata hakuinua macho. "Mwanangu, mvua inaombwa hapo." Basi. Akaendelea kuchambua miiba ya sato.

Iliniuma. Mbele ya wifi, mbele ya wanangu, mimi ninayewakata alama kidato cha nne kwa upatanisho wa ngeli! Na kosa lilikuwa hilohilo. Mvua ikiombwa haibaki pluvia, inakuwa pluviam, na "petendam" ilishavaa m yake mapema ikiisubiri. Ni sawa na mwanafunzi kuniandikia "mvua kimenyesha".

Wakaguzi wamekuja wameondoka, binamu kaposwa, mimi usiku narudia maneno yale manne. Mpaka jana nikasikia kitu kingine ndani yake. Baba hakusema nimekosea. Hakutaja kanuni yoyote. Alisema inaombwa. Alikuwa mtumikiaji altareni miaka ya 1950, Misa ingali ya Kilatini, na hajawahi kutusimulia.

Nikampelekea misale. Hakuifungua. Akafumba macho: "pluviam nobis tribue congruentem", utujalie mvua ya kutufaa. Kila alipofika kwenye m alibana midomo kabisa, akakaa nayo kidogo, kama mtu anayeonja chumvi. Nimemjua miaka arobaini na moja na sauti ile sikuwahi kuisikia.

Nikamuuliza, na ikishanyesha?

"Pluit." Imenyesha.

Nikasubiri neno mvua. Halikuja. Sisi hata tukisema tu "imenyesha", ile i- ya mwanzo ni ya mvua. Kwa Kilatini kitenzi peke yake kinatosha, hakina mtenda. Tukakaa kimya barazani, mkono wangu juu ya wake, nikatamani ningeanza kujifunza lugha hii miaka ishirini iliyopita, akiwa bado na pumzi ya kusali sala nzima.