Uji wa saa tisa usiku

Kwa miaka miwili mama aliniamsha kila saa tisa usiku ninywe uji wa dona wenye vijiko vitatu vya sukari. Usiku aliopitiwa na usingizi, alfajiri alinikuta nimelowa jasho, naongea na watu waliokwisha kufa. Majirani walisema ni majini. Kwenye zahanati moja niliambiwa ni kifafa, nikameza vidonge bila nafuu. Mama hakujua jina la ugonjwa ila dawa aliijua: kikombe kimoja, na baada ya robo saa akili zimenirudia.

Ndiyo maana siku ile ya wodini ilimuumiza yeye kuliko mimi. Daktari alishuku uvimbe kwenye kongosho, unaomwaga insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, hata mwili usipoihitaji. Kuuthibitisha ilibidi nifunge, maji tu, hata kama ni saa 72, huku nikipimwa sukari. "Mama, leo hata akiomba usimpe kitu," nesi alimwambia. Mama alikuwa ameipakata chupa ya chai aliyoijaza uji. Akaitikia kwa kichwa.

Nilianza baada ya chakula cha usiku. Ilipofika saa tisa nilimsikia akijigeuza kwenye mkeka. Sukari 3.6. Asubuhi 3.1. Karibu na adhuhuri ulimi ukawa mzito, na yaliyofuata nimesimuliwa: nilimwita mama kwa jina lake, jambo ambalo sijawahi kuthubutu, nikamwambia ananiua kwa njaa. Alilia. "Vumilia, mwanangu." Chupa hakuifungua.

2.1. Hata hapo walitoa damu kwanza. Sukari ikishuka kiasi hicho, kongosho lenye afya huacha karibu kabisa kumwaga insulini. Langu lilikuwa bado linamwaga, na kipimo kingine kilionyesha kwamba insulini ile ilitoka mwilini mwangu, si ya sindano. Baadaye nilitumia diazoksaidi wiki kadhaa, ikanivimbisha uso lakini ikaizuia sukari isianguke, hadi nilipopasuliwa na kutolewa kiuvimbe kisichofika sentimita mbili. Lakini hayo yalikuwa bado mbele.

Mchana ule, damu ilipokwisha kutolewa, nilitiliwa glukosi kwenye mshipa. Nilipofumbua macho, daktari alikuwa anamwambia mama, "Sasa mpe."

Mikono ilikuwa inamtetemeka, kifuniko kikamshinda. Nesi ndiye aliyemfungulia.