Nilivyougawa mfumo wa SACCOS kwenye makontena

Mwisho wa mwezi ndipo mfumo wa SACCOS ninaousimamia ulipokuwa ukielemewa. Mishahara ikitoka, wanachama wanaweka akiba kwa simu, na saa hizohizo wahasibu wanatoa ripoti. Kila kitu kilikuwa programu moja kwenye seva moja, kwa hiyo ripoti kubwa ikimaliza RAM, hata kupokea malipo kunasimama. Mama wa watu ametuma pesa, imekatwa kwenye simu yake, lakini kwenye akaunti yake haionekani. Hilo lilininyima usingizi.

Nilianza na upokeaji wa malipo peke yake. Nikaufanya huduma inayojitegemea ndani ya kontena la Docker, yaani kifurushi kinachoendesha programu ikiwa imetengwa na nyingine. Kazi yake ni moja: kupokea taarifa ya kampuni ya simu, kuiweka kwenye foleni ya RabbitMQ (programu inayotunza ujumbe hadi uchukuliwe), na kujibu kwamba imefika. Jibu likichelewa, taarifa hutumwa tena, hivyo leja, yaani sehemu inayoandika hesabu za wanachama, inakagua namba ya muamala kwanza ili akiba isiingie mara mbili.

Kisha nikatenganisha sehemu ya ripoti, halafu ya meseji kwa wanachama. Makontena hayabebi mfumo endeshi mzima kama mashine pepe (kompyuta ya kuigiza ndani ya nyingine). Yote yanatumia kerneli moja (kiini cha mfumo endeshi) ya Linux, ambayo tangu 2008 ina cgroups za kuwekea kila kundi la programu kikomo cha RAM na CPU. Ripoti nikaipa gigabaiti 1. Ikizidisha, inauawa yenyewe tu na kuwashwa upya. Mhasibu atasubiri kidogo, lakini malipo yanaingia kama kawaida. Kwangu faida hii inazidi zile sifa zinazosemwa kuhusu makontena, kwamba yanahudumia mamilioni ya watu.

Kupandisha matoleo nako kumekuwa kwepesi. Toleo moja la meseji lilianza kutuma ujumbe usio na salio. Nikarudisha imeji (nakala iliyofungashwa) ya toleo lililotangulia mchana kweupe, akiba zikiendelea kuingia. Zamani kazi hiyo ilingoja saa sita usiku.

Leja na mikopo sikuvitenganisha, wala sina mpango huo. Rejesho likikatwa kwenye akiba, akiba na deni lazima vipungue pamoja, au visiguswe kabisa. Ndani ya hifadhidata moja ya PostgreSQL huo ni muamala mmoja. Ukivigawa kwenye hifadhidata mbili, unajitafutia kazi ya kusawazisha hesabu kila jioni. Kubernetes, programu ya kusimamia makontena kwenye seva nyingi, pia sijaihitaji. Seva bado ni moja, na Docker Compose, inayowasha makontena ya seva moja kwa pamoja, inaitosha.