Gitaa la nyuzi 12 limelia!

Miezi minane ya randa na msasa, hatimaye jana usiku gitaa langu la nyuzi 12 limetoa sauti. Mgongo na mbavu ni mninga, ubao wa vidole ni mpingo (umeniulia patasi mbili, mti mgumu ule!). Mara ya kwanza nilikaza nyuzi zote kwa pupa. Asubuhi nakuta daraja (kile kipande cha mbao kinachoshikilia nyuzi juu ya kifua cha gitaa) limenyanyuka, karatasi inapita chini yake. Nikalibandua, nikaongeza vipande vya mbao ndani, nikatia gundi upya. Sasa nyuzi zimekaa mbilimbili, na kwenye zile jozi nne za besi, kila uzi mnene una mwenzake mwembamba unaolia oktavu moja juu (noti ileile, ila kwa sauti nyembamba zaidi). Raha tupu! Mke wangu anauliza meza ya jikoni namrudishia lini.