Mradi wa kuweka alama sulisuli Watamu: kumbukumbu ya matlai hadi kaskazi

Oktoba, kusi inakatika

Lengo limeandikwa kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari: kila sulisuli anayeshikwa na boti yetu aachiwe akiwa hai, ana alama (uzi wa plastiki wenye namba) mgongoni, na kadi yake imejazwa sawasawa. Alama na kadi zinatoka African Billfish Foundation, shirika lenye makao hapahapa Watamu ambalo limekuwa likisimamia kazi hii tangu 1990.

Kuchoma alama kwenyewe ni kazi ya sekunde mbili. Kazi kubwa iko kabla yake: ndoano imeingia wapi, samaki amevutwa kwa muda gani, ameshikwaje ubavuni mwa boti. Ukimwekea alama samaki aliyemeza ndoano hadi tumboni, kadi itasema ameachiwa hai, na huku chini unaelea mzoga. Ndiyo maana mradi umeanzia kwenye chambo, na alama zimebaki sandukuni kwanza.

Ndoano za J, zenye umbo la herufi hiyo, zote zimetolewa kwenye mishipi ya chambo cha samaki. Sulisuli humpiga chambo kwa mdomo wake mrefu, humgeuza, kisha humeza kichwa mbele. Ndoano ya J inakwenda naye mpaka kooni, na ukiivuta inachana matamvua au ukuta wa tumbo. Ukiona tumbo limetokeza mdomoni na damu nyeusi inatoka, hapo hakuna la kuokoa. Ndoano ya duara ina ncha iliyogeukia ndani, hivyo huteleza kutoka kooni bila kushika, na hushika tu inapofika kwenye kona ya taya na samaki akageuka. Ziwe zile ambazo ncha imelingana na shina. Zile zilizopindishwa upande, hata kidogo, zinarudia tabia ya J.

Novemba, chuchunge

Chambo ni chuchunge wa sentimita 20 hadi 25. Wanunuliwe alfajiri kutoka kwa wavuvi wa nyavu, macho yakiwa bado yanang'aa na tumbo halijapasuka. Usiwaoshe kwa maji ya bomba: maji matamu hulainisha nyama, na chuchunge laini haimalizi saa moja nyuma ya boti. Tunawaweka kwenye barafu iliyochanganywa na maji ya bahari, nusu kilo ya chumvi ya mawe kwa kila lita 10, wakae saa mbili tatu mpaka ngozi ikaze. Wakiachwa usiku kucha kwenye chumvi nyingi wanakakamaa na hawaogelei tena, wanaburutwa tu.

Kumfunga kunakwenda hivi. Kwanza kamua tumbo kwa kidole gumba kuelekea mkiani mpaka uchafu wote utoke, maana tumbo lililojaa hupasuka likishapigwa na maji. Kisha mpinde huku na huku taratibu mpaka uti wa mgongo ulegee. Chukua waya laini wa shaba, urefu wa shibiri moja, uliotiwa chubwi ya gramu 7 hadi 10. Chubwi inakaa chini ya koo, katikati ya vifuniko vya matamvua. Waya upite kwenye tundu za macho mara mbili, ufunge vifuniko vya matamvua visifunguke, kisha upande kupitia taya na kuzungushwa mbele hadi mwanzo wa mdomo. Mdomo mrefu wa chini uvunjwe, ubaki kipande cha kidole kimoja. Mwisho, pete ndogo ya raba inavishwa kichwani na ndoano ya duara ya saizi 7/0 inapitishwa chini ya pete hiyo, isimame juu ya kichwa na uwazi wake wote ukiwa huru.

Hapo kwenye uwazi ndipo wengi wanapoharibu. Mazoea ya J yanawafanya wafiche ndoano ndani ya nyama, na ndoano ya duara iliyofichwa haina nafasi ya kushika taya. Samaki anachukua chambo, anakimbia, kisha mshipi unalegea na chuchunge anarudi amechunwa magamba.

Baada ya kumtupa majini, mtazame kwa dakika nzima. Anatakiwa aende wima, pua chini kidogo ya uso wa maji, akiruka mara mojamoja. Akizunguka kama pia, mtoe mara moja, kwa sababu atausokota mshipi wote hata kama kuna swiveli, kile kiungo kinachozunguka. Sababu huwa tatu: chubwi imehama upande, mdomo umevunjika kwa mshazari, au pete imevutwa na ndoano haiko katikati. Raba nazo zinaliwa na jua. Zikikaa wiki chache kwenye sanduku lililo wazi zinakatika zikiguswa, kwa hiyo ziwekwe kwenye kopo la giza na zibadilishwe mwanzo wa kila msimu.

Mwendo wa boti ni noti 5 hadi 6. Vyambo bandia vya plastiki vinapenda noti 7 hadi 9, na ndiyo maana kuchanganya aina mbili kwenye mrambazo mmoja (mishipi inayoburutwa nyuma ya boti) kunaleta shida: ukienda kasi chuchunge anachanika, ukienda polepole plastiki inalala. Tumeamua plastiki zote zibaki bila ndoano, ziwe vivutio tu, mnyororo wa ngisi bandia mita 10 hivi nyuma ya tezi. Sulisuli akija kuufuata, mmoja anauvuta ndani na mwingine anamwachia chuchunge mahali palepale ulipokuwa.

Nguru ndiye anayetia hasara. Meno yake hukata nusu ya nyuma ya chuchunge kama kwa kisu, au hukata nailoni yenyewe. Kuweka waya kwenye kila mshipi si dawa, kwani sulisuli huona na kusita. Mshipi mmoja tu, ule wa mbali kuliko yote, una waya kwa ajili ya nguru, na iliyobaki ina nailoni ya kilo 36, mita tatu na nusu kutoka swiveli hadi ndoano.

Mwisho wa Novemba, rili na mkono

Mshipi mkuu ni wa kilo 15, breki imepimwa kwa mizani ya kamba kuwa kilo 4. Kipimo cha kidole hakitoshi. Rili iliyokaa kwenye chumvi breki yake hushika kwa mikupuo, na mkupuo mmoja wakati sulisuli anaruka unatosha kuchana taya.

Samaki anapochukua, rili inafunguliwa kabisa, kidole kikiugusa mshipi kidogo ili usifanye fundo. Hesabu moja hadi tano. Breki ipandishwe polepole, fimbo ielekezwe kwa samaki, na uanze kuzungusha. Usiinue fimbo kwa nguvu. Ndoano ya duara hujishikiza yenyewe mshipi ukikaza, na pigo la ghafla linaitoa mdomoni kabla haijageuka. Kwa aliyezoea mshipi wa mkono hili ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu mkono wake umefunzwa kupiga.

Mvutano usizidi dakika 20. Mwenye rili akichoka, nahodha arudishe boti nyuma kumfuata samaki, asingoje mpaka alegee mwenyewe. Samaki aliyechoka kupita kiasi huenda chini akiwa na rangi ya shaba iliyofifia, na papa humkuta huko.

Desemba, kaskazi imekaa

Vuli imeushibisha mto Sabaki, na kaskazi inasukuma maji yake ya matope kuelekea kusini, mbele ya Malindi. Pale yanapokutana na maji ya buluu pana mstari unaoonekana kwa macho, una povu, vijiti na majani. Vidagaa hujikusanya hapo, buabua wanapiga mbizi juu yao, na sulisuli wanazunguka chini. Tunarambaza upande wa maji safi tukifuata mstari, hatuukati. Majani yakinasa kwenye ndoano, chambo chote kimeharibika.

Sasa zamu ya alama. Fimbo ya kuchomea ni mwanzi wa mita 2 wenye sindano ya chuma cha pua, na kizuizi cha raba kinachoamua kina. Kwa sulisuli kina kiwe kifupi kuliko cha nduwaro (marlin), kwa sababu mwili wake ni mwembamba na sindano ndefu inaweza kutokea upande wa pili. Mahali ni kwenye nyama ya mgongo, chini ya pezi kubwa, juu ya mstari wa ubavu, mbali na kichwa na matamvua. Kichwa cha alama kipite katikati ya mifupa midogo inayobeba pezi, kinase hapo. Kikiishia chini ya ngozi, mwendo wa maji utakitoa. Ncha ielekezwe mbele kidogo, mkia wa alama ulale kuelekea nyuma.

Usimchome samaki anayepapatika. Boti iwe kwenye gia, noti 2, mshika mshipi amlete sambamba na ubavu wa boti, na mchomaji angoje kichwa kitulie majini. Alama ikienda tumboni kwa haraka ya mtu ni hasara ya samaki na ya kadi.

Samaki hatolewi majini, hata kwa picha. Ili kumpima, tumebandika utepe wa rangi ubavuni mwa boti kwenye alama za sentimita 120, 150, 180 na 210. Kipimo ni kutoka ncha ya taya la chini hadi kwenye panda ya mkia, kwa kuwa mdomo wa juu huvunjika na hutofautiana. Ndicho kipimo kilichotumiwa na Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi ilipokataza meli kubakiza sulisuli na nduwaro walio chini ya sentimita 60.

Kisha mdomo unashikwa kwa glavu mbili, kichwa chini ya maji, boti ikisonga taratibu ili maji yapite kwenye matamvua. Akirudisha rangi ya buluu na kuanza kupiga mkia, mwachie. Ndoano ikikataa kutoka, kata nailoni karibu nayo, usiichimbe.

Kadi

Namba ya alama inaandikwa kwa penseli wakati alama inapovishwa kwenye sindano, kabla samaki hajafika. Baada ya kuachia, watu wana furaha na mikono imelowa, na hapo ndipo 6 inakuwa 8.

Kosa kubwa zaidi liko kwenye GPS. Nyuzi 3, dakika 22.5 kusini si nyuzi 3.225. Ni nyuzi 3.375. Tofauti yake ni maili 9 za baharini, na kwenye pwani hii ambapo sakafu inashuka haraka, maili 9 zinaweza kumhamishia samaki nchi kavu. Kifaa kimewekwa kwenye nyuzi na dakika, na mfano wa kuandika umebandikwa ndani ya kifuniko cha sanduku.

Tumeongeza safu mbili za kwetu pembeni: ndoano ilishika wapi (kona ya taya, koo, nje ya mdomo) na mvutano ulichukua dakika ngapi. Bila hizo hatuwezi kujua kama chuchunge wanafungwa vizuri.

Wengine tunaokutana nao

Kadi ya pili ni ya wanyama wasio wa mshipi: pomboo, kasa, papa shilingi, na nyangumi wa nundu ambao msimu wao ni wa kusi. Papa shilingi anahitaji uangalifu, kwa sababu songoro hufuatana naye na kishawishi cha kurambaza karibu ni kikubwa. Kanuni yetu ni mita 50, na mishipi yote ndani ikiwa ameelekea kwetu. Kasa akinaswa pezi, anainuliwa kwa wavu wa kuopolea, havutwi kwa nailoni, na akiwa na jeraha anapelekwa Local Ocean Conservation, shirika linalohudumia kasa. Tukikaribia hifadhi ya bahari, iliyotengwa tangu 1968, fimbo zinalazwa kabla ya mpaka.

Januari, yaliyobaki

Alama ina kazi pale tu samaki anaposhikwa mara ya pili, na mara nyingi atakayemshika ni mvuvi wa jarife au wa mshipi wa mkono, si boti ya mchezo. Huyo akiona uzi wa plastiki mgongoni na hajui maana yake, ataukata na kuutupa. Kwa hiyo mabango mawili yanaandaliwa kwa Kiswahili, la ofisi ya BMU (kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufuo) na la mahali samaki wanapopimwa, yenye picha ya alama na mambo manne ya kuleta: alama yenyewe, urefu kutoka taya la chini hadi panda ya mkia, tarehe, na mahali kwa jina la mwamba au kina kwa pima. Jina la mwamba linatosha. Mzee anayelijua jina la kila mwamba atatupa mahali sahihi kuliko GPS iliyoandikwa vibaya.

Nduwaro wanaanza kuonekana nje. Sindano yenye kizuizi cha kina kirefu imetengwa kwenye mwanzi wake, umepakwa rangi nyekundu usichanganywe na wa sulisuli, na ndoano za 9/0 zimeagizwa pamoja na nailoni nene zaidi. Chuchunge watakuwa wadogo kwao, kwa hiyo kazi ya wiki hii ni kujaribu kumfunga sehewa mdogo aogelee wima kwa noti 5.