Inverta ya shamba, sehemu ya pili: geti za juu

Inverta hii, yaani mashine ya kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, ni ya nyumba ya ami yangu, shamba, nje kidogo ya Wete, Pemba. Msimu wa karafuu watu huchambua mpaka usiku, na nguzo za umeme hazijafika pale. Ina betri mbili za volti 12 zilizofungwa mfululizo, mosfeti nne za IRF3205 (swichi za kielektroniki: mbili za juu, upande wa chanya, na mbili za chini, upande wa hasi), dereva mbili za IR2110 (chipu za kuamrisha mosfeti) na transfoma ya kupandisha hadi volti 230. Bodi niliipata imeshaundwa na fundi mwengine. Taa zikiwaka, lakini transfoma ikinguruma vibaya na feni ikizunguka kwa kusitasita.

Mafundi wengi wakiona hivi hung'oa mosfeti na kutia mpya. Mimi naona kwanza tutazame geti, mguu unaoamrisha mosfeti, inapewa nini. IRF3205 huanza kufunguka, yaani kupitisha umeme, geti ikipata kati ya volti 2 na 4, lakini ili ipitishe ampea nyingi bila kuungua inataka 10 au zaidi, na isivuke 20. Multimita haisaidii hapa, maana inaonesha wastani tu.

Osiloskopu, mashine inayochora volti zinavyopanda na kushuka, nimeazima Chake Chake. Volti za geti huhesabiwa kutoka sosi, mguu ambao umeme hutokea. Hapa pana hatari: sosi ya mosfeti ya juu haitulii, inapanda hadi volti 24 na kurudi sifuri. Klipu za ardhi za chaneli zote mbili zimeungana ndani ya mashine. Moja ikiwa kwenye hasi ya betri na nyengine ukaibana kwenye sosi ya juu, umeshapiga shoti kupitia waya wa klipu. Kwa hiyo ardhi zote nimezibana kwenye hasi ya betri, chaneli ya kwanza kwenye geti, ya pili kwenye sosi, kisha mashine ikapiga hesabu ya kutoa: ya kwanza kutoa ya pili.

Geti za chini zilikuwa safi, volti 12 mwanzo hadi mwisho. Za juu zilianza na 11 na kitu, zikateremka, na zilipokaribia 8 zikaanguka mpaka sifuri, hata theluthi ya nusu mzunguko haijatimia.

Dereva ya juu haina chanzo chake cha umeme. Hula kwenye kapasita, kijighala cha umeme, iliyo kati ya miguu yake VB na VS, na kapasita hiyo hujazwa kupitia daiodi pale tu mosfeti ya chini ya upande ule inapofunguka. Inverta inakwenda hezi 50, kwa hivyo kapasita lazima ivumilie nusu mzunguko, milisekunde 10, bila kujazwa. Iliyokuwapo ni ya mikrofaradi 1. Rezista ya kiloomu 10 kati ya geti na sosi hunyonya zaidi ya miliampea 1, na dereva nayo huchukua chake. Piga hesabu: kwa milisekunde 10 ni zaidi ya mikrokulombi 10, na mikrofaradi 1 ikitoa kiasi hicho imeshakauka. IR2110 ikiona imebakiwa na volti 8 hivi hufunga geti yenyewe, mosfeti isije ikabaki nusu wazi ikaungua. Kwenye saketi ya kilohezi 20, inayoijaza mara nyingi zaidi, kapasita ile ingetosha na kubaki.

Nimeweka ya mikrofaradi 22, na ubavuni mwake ya kauri ya nanofaradi 100, karibu kabisa na miguu ya chipu. Geti ya juu sasa inamaliza nusu mzunguko ikiwa juu ya volti 10. Transfoma imetulia, na kwa kweli nimefurahi sana.

Waya za geti nimezifupisha na kuzisokota pamoja na za sosi. Bodi ilikuwa imeshaanza kutu ya kijani kwa chumvi ya pwani. Nimeisugua kwa spiriti na kuipaka vanishi.

Ami kapiga simu: “Mwanangu, karafuu zinaiva.”

“Ami, taa tayari. Feni nipe muda kidogo.”

Kilichobaki ni kupima, feni ikiwa imewashwa, ule muda ambao mosfeti ya juu na ya chini zote zimefungwa. Ukiwa mfupi mno zitafunguka pamoja, na umeme wa betri utapita moja kwa moja ndani yake, yaani shoti. Kwa jaribio hilo nitatia fyuzi ndogo kwenye chanya ya betri.