Kiini kwenye karatasi

Jana jioni nagonga mayai ya keki, binti yangu akauliza, "Mama, mbona unakibiringisha kiini kwenye karatasi?"

Nikatazama mikono yangu. Kweli, kiini kilikuwa juu ya tishu, nakizungusha polepole ili ute ushikwe na karatasi. Keki haina haja na hayo. Mikono ilisharudi maabara, mwaka ule wa mwisho wa chuo.

Tulikuwa tunatoa kingamwili, zile protini za kupambana na maradhi, kwenye mayai ya kuku waliochanjwa. Unakitoboa kiini, unakimimina kwenye bafa, maji ya chumvi ya maabara, halafu hivyo hivyo kilivyo, na mafuta yake yote, unatia pegi: polietilini glaikoli 6000, chenga nyeupe kama za mshumaa uliokwanguliwa. Njia ya Polson na wenzake, ya mwaka 1980. Ukitia asilimia 3.5 mafuta yanagandamana na kushuka, kingamwili zinabaki majini. Ukiongeza mpaka 12, pegi inayateka maji, kingamwili zinakosa pa kukaa, nazo zinashuka. Kwa hiyo mara ya kwanza unatunza maji, mara ya pili unatunza tope. Niliweza kuyasema hayo usingizini.

Siku hiyo nikatoa mirija kwenye sentrifuji, mashine inayoizungusha kwa kasi mpaka tope litue chini. Chini tope zito la njano, linang'aa kama samli. Juu yake maji yaliyopauka, kama ya kunawia mikono baada ya pilau. Macho yakaamua: mali iko chini. Nikainamisha mrija wa kwanza kwenye sinki, wa pili, wa tatu, wa nne. Nikafungulia bomba kusafisha. Ndipo nikakumbuka niko hatua ipi. Nilisimama pale na samli yangu mkononi, bomba likiendelea kumwaga, nisilifunge, kana kwamba nikilifunga ndiyo itakuwa kweli.

Dokta alipouliza nimepata kiasi gani, nikasema hakuna kitu, labda kuku yule hakuitikia chanjo. Akatikisa kichwa, akaandika. Wiki iliyofuata kizimba namba nne kilikuwa kitupu. Sikuuliza.

Binti yangu bado anasubiri jibu. Nikamwambia nafuta ute ili keki isinuke shombo la mayai.

Akaniamini, kama Dokta.